Gauni la Kuanikia Shuka

Gauni lilimpasukia tena makwapani alipoinua mikono kufikia kamba. Seremala akasonya. Mabega yaliyobeba mbao tangu ujana hayakuumbiwa gauni la mwanamke mwembamba, na uzi mweusi aliolishonea juzi ulikuwa umekatika. Hata hivyo alimaliza kazi. Alikung'uta shuka la manjano, akalikunja katikati, mapindo yakaning'inia chini, akabana pembe kwanza na katikati baadaye. Ndivyo marehemu mkewe, aliyekuwa dobi, alivyoanika maisha yake yote. "Shuka lisimame kama mtu anayejiheshimu," alizoea kusema.

"Bibi harusi, hujambo?" jirani alimwita kutoka upande wa pili wa ua.

"Sijambo. Mahari yangu usiisahau."

Jirani alicheka, kisha akageukia kazi zake, maana habari zote alikuwa nazo.

Ng'ambo ya mto, juu ya kilima, ilikuwa nyumba ya binti yao. Zamani ulivuka daraja, ukamjulia hali, ukarudi chai yako haijapoa. Kisha nchi ya kule ikaingia vitani na majirani zake, na wakubwa wa huku wakatangaza kwamba ugomvi wa watu hautuhusu. Wageni wao hatuwataki, bidhaa zao hatuzihitaji, tutajitosheleza. Daraja likafungwa, simu zikakatwa, na watu wa kando ya mto wakahamishiwa vilimani, huku na kule. Hata kupunga mkono likawa kosa.

Siku ya tangazo, seremala alipiga makofi uwanjani mpaka viganja vikamwasha. Nyumba ya jirani ikiungua, funga dirisha moshi usiingie kwako. Yeye aliliona hivyo, na wengi waliliona hivyo. Mkewe hakupiga makofi.

"Na mtoto wetu?" alimuuliza njiani. "Ana mimba, na wajawazito wa kule wote hujifungulia hospitali ya huku."

"Mambo yatakuwa yametulia kabla hajajifungua," seremala alimjibu. Jibu hilo lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na mpaka leo halijatoka.

Mkewe ndiye aliyepata akili ya shuka. Hakuna serikali iliyowahi kukataza watu kufua, alisema. Akatoa shuka la manjano, pacha wa lile alilompa binti siku ya harusi, akalianika Jumamosi mahali pa wazi, akaketi kungoja. Jumamosi iliyofuata manjano yakajibu kutoka ng'ambo. Alilia hadi akaishia kucheka. Shuka lile lilikuwa na maana moja tu: nipo.

Dawa zake za moyo zilitoka ng'ambo vilevile. Zilipokwisha, mfamasia alikuna kichwa, akamwambia avute subira. Aliivuta mpaka ikakatika. Kitandani alimshika mumewe mkono, akamwambia, "Shuka lisikose kambani. Mwanangu asije akajua habari zangu akiwa peke yake kule."

Basi gauni lilitoka hapo. Kwa umbali ule mtu huonekana mdogo kama sisimizi, lakini rangi ya nguo hujulikana, na mama wa binti alifua akiwa amevaa gauni la kijani miaka yote. Seremala alilivaa, akajifunga na kilemba, akajifunza kuanika kidobi. Kila alipobana kibanio cha mwisho alijiona mwongo, na kila alipoyaona manjano ya ng'ambo moyo ulimlegea kwa shukrani.

Binti naye alitoka na gauni lake jekundu, hakukosa. Mwanzoni alianika vizuri, kama alivyofunzwa. Lakini tangu majira ya kujifungua yalipopita, shuka lake lilining'inia ovyo, limebanwa katikati tu, pembe zimelegea.

"Na ni mtoto wa dobi huyo," seremala alinung'unika mara ya kwanza. Kisha akamsamehe. Mwenye mtoto mchanga hana nafasi ya madaha. Nepi hakuwahi kuziona kambani, akajisemea zitakuwa zinaanikwa uani, kwenye jua la nyuma.

Asubuhi moja redio ikasema daraja limefunguliwa. Ilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu ikaendelea na hali ya hewa. Seremala akaketi kitandani. Sasa itabidi kusema. Alilikunja gauni la kijani, akalitia kwenye mfuko, kwa kuwa maneno hakuwa nayo na aliona huenda gauni likamsemea. Binti atamlaani kwa kumdanganya, na atakuwa na haki. Lakini atamshika mkono, na pengine atampakata mjukuu kabla ya kulaaniwa.

Darajani watu walikuwa wakikumbatiana, wakiitana majina, wengine wakipitana bila kutambuana. Katikati ya daraja akamwona mkwewe, mwashi mwenye mabega mapana kama mlango, naye ameshika mfuko. Seremala akachungulia nyuma yake, akitafuta nyekundu katika umati.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mwenzio yuko wapi?"

Mkwe alinyoosha shingo. Yeye pia alikuwa akichungulia nyuma ya mzee. "Mama hakuja? Nilitaka kumwambia yeye kwanza. Njia nzima nimekuwa nikijizoeza."

"Kumwambia nini?"

Mkwe akaingiza mkono mfukoni, akatoa gauni jekundu. Lilikuwa limepasuka makwapani kote kuwili, likashonwa kwa uzi mweupe, na mtu asiyejua kushika sindano.