Maji Safi kwa Tume

Samaki wa tatu alielea ubavu asubuhi ya Jumanne, na tume ilikuwa inakuja Jumamosi.

Paulin Chomba alimwopoa kwa kijiko cha supu, akaenda kumfukia nyuma ya nyumba kabla majirani wa mtaa wa Kamalondo hawajaamka, kisha akarudi kusimama mbele ya sanduku lake la kioo, hasira zimempanda mpaka masikio yanamwasha. Maji yalikuwa ya kijivu. Sanduku hilo alilinunua kwa Mzungu wa ofisini kwao aliyekuwa akirudi Ubelgiji, baada ya kusikia kwamba wakaguzi hupenda kukuta nyumbani kwa Mwafrika kitu kisicholiwa wala kuvaliwa, kitu cha kutazamwa tu. Uma alikuwa nazo, kitanda cha springi alikuwa nacho, picha ya mfalme ilining'inia ukutani. Akaongeza samaki.

Tume ikimkubali, angepewa kadi ya serikali ya Wabelgiji, ya kuthibitisha kwamba yeye ni Mwafrika "aliyestaarabika". Mwenye kadi hasumbuliwi na polisi akichelewa mjini kwa Wazungu, na mtoto wake huweza kuombewa nafasi kwenye shule yao. Mwanawe, Kasonde, alikuwa na miaka mitano. Paulin aliitaka kadi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na sasa ilikuwa imekwama ndani ya mkebe.

Mkebe wenyewe ulikuwa wa maziwa ya unga, umetobolewa chini kwa msumari na kuning'inizwa juu ya kioo. Asubuhi na jioni unachota maji ya samaki, unayamimina humo, yanadondoka yakiwa yamechujwa. Ndani weka pamba, makaa na changarawe, Mzungu alimwambia. Kipi kitangulie, hakusema.

Basi Paulin alianza na makaa chini, tena aliyatwanga yakawa unga. Maji yakatoka meusi tii. Akayatupa, akashindilia pamba chini; mkebe ukafurika, kitambaa cha meza kikalowa. Changarawe alizisugua kwa sabuni, akazilaza kutwa nzima katika maji ya Javel, dawa kali ya kung'arisha nguo, maana tume ilisifika kwa kunusa uchafu hadi uvunguni. Tangu hapo samaki walianza kufa.

"Baba Kasonde, unatia tena Javel?" Mkewe, Mwansa, alikuwa mlangoni, mikono imejaa unga wa bukari, yaani ugali.

"Inapashwa kuwa propre, safi kabisa. Bazungu bataangalia."

"Bazungu habaikale mule. Samaki njo banaikala."

"Wacha! We unajua nini ya aquarium?"

Alijua. Mwansa alizaliwa Kasenga, kwa wavuvi wa mto Luapula. Baba yake alikuwa akitunza samaki wazima mitungini wiki nzima kungojea siku ya soko, na mama yake aliyachuja maji ya Luapula kwa makaa ndipo watoto wanywe. Paulin aliyasikia hayo tangu siku za uchumba. Lakini kwenda kuomba shauri la Kasenga wiki ileile anayotaka kuonyesha kwamba Kasenga wameshaiacha mbali, hapana, roho yake ilikataa kabisa.

Jumatano walibaki samaki wawili, wakitweta juu ya maji. Paulin aliung'oa mkebe akaupiga ukutani.

"Nimechoka! Bakufe bote!" Akavaa kofia, akaenda kazini.

Aliporudi alimkuta Mwansa ameketi sakafuni. Nusu ya maji ya sandukuni alishayabadilisha, na changarawe za Javel alizitupa, akaleta nyingine alizozisuuza kwa maji matupu. Hizo alizitandika ndani ya mkebe, chini kabisa, zizuie vumbi la makaa. Juu yake akaweka makaa, vipande vya ukubwa wa punje ya mahindi, vilivyooshwa mpaka vikaacha kutoa weusi. Pamba ikaja juu kabisa, nyepesi, ili inase uchafu.

"Pamba ikichafuka, tia ingine," alisema. "Lakini changarawe, usiioshe na sabuni hata siku moya."

Kufikia Jumamosi ungeweza kusoma gazeti kupitia maji yale. Paulin alifurahi nusura alie, halafu hasira zikamrudia upya, kwa kuwa ilikuwa kazi rahisi namna ile.

Tume ilikuja na watu watatu. Walifungua kabati, wakahesabu mashuka, wakachungulia choo. Walipomuuliza Mwansa kwa Kifaransa anavyoipanga siku yake, aliinamisha macho kama alivyolelewa kufanya mbele ya wageni, akamwachia mumewe ajibu. Mmoja aliandika kitu. Mwingine, mnene, alikuwa ameganda mbele ya samaki.

"Maji ya samaki wangu ni kama supu," alisema kwa Kifaransa, akiugusa mkebe kwa kidole. "Nimejaribu kila kitu. Nani amekupangia hii?"

Mwansa alikuwa hatua mbili nyuma yao na sinia ya kahawa, peku, kitambaa kichwani. Paulin alimtazama, na aibu ikamshika. Ulimi ukamtangulia.

"Ni spécialiste mmoja, monsieur. Huwa ananisaidia."

Neno hilo, mtaalamu, Mwansa alilielewa. Alimimina kahawa bila kumwangalia.

Barua ilifika baada ya wiki tatu. Paulin aliifungua palepale mlangoni, Mwansa amesimama kando yake.

"Banasema nini, Baba Kasonde?"

Mwombaji anastahili, iliandikwa kwa mashine. Hata hivyo ombi limekataliwa, kwa kuwa mkewe hana maarifa yoyote ya kuendesha nyumba ya kisasa.

Chini yake, kwa penseli, mtu alikuwa ameongeza: "Pole sana, Bwana Chomba. Samaki wangu wanakwisha. Nakuomba, Jumapili niletee yule spécialiste wako."