Mimea ya Mfiwa

"Umekufa tena," alisema fundi saa, amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Mjomba, mwenye duka la samaki wa mapambo, alikwisha kumbandika jina la Mfiwa. Kila baada ya siku chache mtu huyo alivuka barabara kutoka kibandani kwake, shati limenyooshwa kwa pasi, nywele zimechanwa, kuja kutangaza msiba wa mmea mwingine.

Aliyepokea misiba hiyo ni mpwa wa Mjomba, binti aliyesimamia mabeseni ya mimea inayoelea. Kona ile ilikuwa yake. Aliianzisha mwenyewe kwa beseni moja lililopasuka ukingo, na sasa watu walitoka mbali kuja kumuuliza kipi kinafaa wapi.

"Pole," alisema binti. "Tangi bado liko pale pale?"

"Pale pale, dada. Chumba kinatazama ukuta wa jirani. Mwanga unaingia kwa kuomba ruhusa."

Mwanga ndio uliokuwa unawasumbua tangu mwanzo. Mara ya kwanza binti alimchagulia mmea unaofanana na kichwa kidogo cha kabichi, na ulipokufa akajilaumu, maana ule hupenda mwanga wa kutosha. Akampa mwingine, wa majani ya mviringo, wenye mizizi mirefu ambayo samaki waoga hujificha humo, nao huvumilia kivuli. Akamwonya asiache matone ya mfuniko yaloweshe majani kwa juu, wala pampu isivuruge maji. Fundi alisikiliza bila kupepesa macho. Ukafa huo nao.

Sasa vilikuwa vimekufa vile vijani vidogo kama punje za dengu. Hapo hata Mjomba aliweka kikombe cha chai chini. Vijani vile havifi. Watu huja dukani kuomba wasaidiwe kuvimaliza, wameshavichota kwa kijiko, kwa chujio, kwa mikono, na kesho yake vimejaa tangi upya.

Mjomba alimvuta mpwa wake kando. "Mwanangu, mimi nakupenda, lakini duka ni duka. Huyu bwana anasimama pale mlangoni kutangaza vifo na wateja wanasikia. Ukifa mwingine, kona hii naifunga. Utahamia kwenye vyakula vya mbwa."

Vyakula vya mbwa vilikaa nyuma kabisa, karibu na choo, na harufu yake ilimfuata mtu mpaka nyumbani. Binti alijua Mjomba hatanii. Ilimuuma, tena sana, kwa sababu alikuwa hajawahi kuwa hodari wa kitu chochote kabla ya mabeseni yale.

Akarudi kwa fundi. "Samaki wako hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Wanakusalimu."

Binti alimtazama kidogo. Kisha akaingia stoo, akakawia huko, akatoka na kifurushi cha gazeti lililoloa, kimefungwa kamba ikakazwa.

"Huu hauhitaji mwanga kabisa," alisema. "Ila usiufungue mpaka ufike kwenye tangi."

"Sitaufungua," aliahidi fundi, akakipokea kwa mikono miwili.

Siku zikapita kimya, na Mjomba akaanza kuamini kwamba balaa limeondoka. Halafu asubuhi moja fundi akavuka barabara, shati jipya, kofia mkononi. Mjomba alipomwona tu, hakusubiri kusikia neno. Alianza kusogeza magunia ya vyakula vya mbwa ili mpwa wake apate pa kukaa.

"Dada, hata sijui niseme nini," fundi alianza.

"Umekufa?"

"Umekufa."

"Ulianzaje?"

"Majani yaliingia manjano pembeni," alisema fundi kwa huzuni. "Nikadhani utajikaza. Siku ya pili yake mizizi ikaanza kuoza, ukiigusa inateleza kama bamia."

"Na harufu je?"

"Harufu usiniulize. Samaki wenyewe walisusa kula."

"Umesikia mwenyewe," Mjomba alisema kutoka nyuma ya magunia, na sauti yake haikuwa na furaha yoyote.

Binti aliinama juu ya mabeseni yake. Mabega yalikuwa yanamtikisika, na Mjomba, ambaye hakuwa mtu mbaya, aligeukia ukutani ili asimwone akilia. Binti alifuta uso kwa ncha ya aproni, akainua kichwa.

"Fundi," alisema, "ule ulikuwa wa plastiki. Mimi natoka kazini saa kumi na moja."