Bushi za Baba Atheer

Miguu ya Suud ilikuwa juani. Mwili wake uliobaki ulikuwa chini ya gari. Kheiria, mkewe, akawa anazungumza na ile miguu.

"Baba Atheer, u mzima huko?"

"Mzima. Nnajifunza."

"Mnunuzi anakuja alasiri. Na nnakwambia mapema, gari likipiga kelele zake tena mara moja tu, linaondoka naye."

Suud aliyajua masharti, maana aliyakubali mwenyewe. Mwaka mzima gari lao lilikuwa likivuka kila tuta la mtaa wao wa Hail kwa kelele, kogo-kogo-kogo, mpaka majirani wakijua nani anarudi nyumbani. Bushi, zile raba za kwenye mikono ya magurudumu ya mbele, zilikuwa zimekwisha. Kheiria alichoka kuona haya, na Jaifar, kaka yake, akamtafutia mnunuzi.

"Maskati nzima imejaa magari meupe kama hili, tena mazima," alisema Kheiria, "nawe umeling'ang'ania bovu!"

Suud alilipenda, basi. Ndilo lililowaleta wanawe watatu kutoka hospitali, mmoja baada ya mwengine, na yeye akiendesha kama mtu aliyepakia mayai. Kuliuza kungemuuma, na alisema hivyo waziwazi. Akaomba nafasi moja tu: Jumamosi hii alitengeneze mwenyewe, kwa mikono yake.

Kheiria alicheka mpaka akakaa kitako. Mara ya mwisho Suud alitengeneza bomba la jikoni kwa mikono hiyohiyo, na mpaka leo ukilifungua jikoni, maji yanatoka chooni.

Asubuhi alikwenda Wadi Kabir kununua bushi mpya, kogo-kogo kwenda, kogo-kogo kurudi. Karibu na nyumbani alisimama kwenye duka la karak, chai ya maziwa na iliki. Gari aliliacha linaunguruma na AC inapuliza, kama wanavyofanya wote pale, maana nani anataka kurudi kwenye tanuri? Alishuka na mfuko wake wa bushi, kwa sababu alimwona rafiki yake Badr, na ufundi usipoonwa na watu una faida gani? Akamtolea bushi mojamoja, akamsomesha yote aliyoyajua tangu jana kwenye simu. Katikati ya darsa alikula chapati mbili.

Aliporudi kuketi garini, usukani ulimbana tumboni.

"Loo! Chapati mbili tu?"

Akasogeza kiti nyuma, huku akiapa kupunguza kula. Na ajabu nyengine, kutoka hapo mpaka nyumbani gari halikulia kogo-kogo hata mara moja. Suud alicheka peke yake. Jino nalo huacha kuuma ukifika mlangoni kwa daktari.

"Limeziona bushi mpya," alisema. "Limeogopa."

Sasa, chini ya gari, aliitoa bushi kuukuu ya kwanza. Ilimgharimu fulana moja na ngozi ya kidole gumba. Akatambaa nje, akaifuta, akaitazama juani. Haikuwa na ufa. Akaikunja, isipasuke. Akaikwaruza kwa ukucha.

"Vipi?" Kheiria aliuliza.

"Imeoza ndani kwa ndani," Suud alijibu kwa sauti ya daktari bingwa. "Mtu asiyejua hawezi kuona."

"Na kofia yako umeiacha wapi? Utosi wote umeiva."

"Itakuwa kwa Badr. Hebu nipe nyundo."

Bushi mpya alizipaka sabuni ya vyombo, akazisukuma kwa jiliwa, akazitukana, akastaghafiru, akazisukuma tena. Kila kitu kiliporudi mahala pake, boliti moja ilibaki. Aliitia mfukoni upesi.

Kabla ya alasiri alimpakia Kheiria, wakatoka kulijaribu.

"Na udi umetia?" Kheiria alishangaa, akivuta harufu.

Suud hakukumbuka kutia udi. Lakini siku ya ushindi mtu hakatai sifa.

"Kwa ajili yako," alisema.

Tuta la kwanza, kimya. La pili, kimya. Kheiria akamtaka arudi alivuke lile kubwa la karibu na msikiti, tena kwa kasi. Kimya. Suud machozi yalimlengalenga. Kheiria akatoa simu.

"Jaifar, mwambie mnunuzi asije. Gari haliuzwi." Kisha akamgeukia mumewe. "Haki yako, Baba Atheer. Mimi nilikudharau."

Miaka ishirini na ushei ya ndoa, Suud hakuwahi kuyasikia maneno hayo. Aliomba ayarudie, akarudiwa.

Walikaa barazani kunywa kahawa, bushi kuukuu zimepangwa juu ya gazeti kama nyara za vita. Mara barabarani: kogo-kogo-kogo.

"Masikini," Kheiria alisema. "Na huyu naye."

"Zake zimekwisha kabisa," alisema Suud bila ya kuinua kichwa. "Angekuja nikamsaidia."

Gari jeupe likasimama getini. Akashuka mtu mmoja mfupi, kofia ya Suud mkononi, na nyuma yake muuza karak akinyoosha kidole. Yule mtu alilitazama gari lililokuwa uani, akazitazama zile bushi juu ya gazeti, kisha akamtazama Suud.

"Salaam aleikum, sheikh. Hili langu lilikuwa na kosa gani?"

Suud alitia mkono mfukoni, akaigusa ile boliti.

Kheiria alikuwa ameshaishika simu.

"Jaifar? Yule mnunuzi mwambie aje tu. Gari letu limefika sasa hivi."