Spiriti ya Shemeji

"Shemeji, unapogoa mti au unaufanyia upasuaji?" Mama Bustani alimuuliza mdogo wa mumewe, kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya bwawa.

Shemeji alikata tawi la mwerebi lenye donda, akateremka ngazi, akapangusa msumeno kwa kitambaa chenye spiriti, akapanda tena. Kila tawi, hivyo hivyo. Tangu atoke chuoni na cheti chake, wimbo ulikuwa mmoja: ukungu wa madonda unasafiri mti hadi mti kwenye meno ya msumeno. Unasafiri! Labda na mzigo kichwani.

Yeye Mama Bustani safu yake aliimaliza mwezi uliopita, kwa siku moja tu, bila kupangusa chochote ila jasho. Miaka ishirini kwenye bustani hii, halafu mtoto wa juzi amfundishe kukata miti!

Akaenda kuegemea mwerebi wa kwanza wa safu yake, apate kumcheka vizuri. Kiganja kikabonyea kwenye kitu laini. Pale alipokata tawi, gome lilikuwa limedidimia, jeusi, limepasuka kingoni kama kisigino kikavu.

Mti wa pili, hivyo hivyo. Wa tatu, hivyo hivyo. Na wa nne, ambao mwezi uliopita ulikuwa mzima kabisa, akaupunguza matawi kwa ajili ya urembo tu, nao sasa una donda.

Alirudi polepole, msumeno mkononi, midomo ameibetua vilevile.

"Lete hiyo spiriti," alimwambia. "Wewe utaimaliza bure."