Nyasi za Ndani ya Boma

Gumato hakuweza kutulia. Tangu asubuhi alikuwa akilizunguka boma la miiba ambalo watu wa mji walimkabidhi alilinde, akirudishia kila tawi lililolegea. Nje ya boma mbuzi walikuwa wameng'oa kila jani hadi mzizi, ikabaki changarawe tupu. Ndani, baada ya misimu mitatu bila mnyama kuingia, nyasi zilimfika kiunoni.

Kaka yake Galgalo alifika na mbuzi kumi na wawili waliokonda.

"Dada, nifungulie. Hawa hawafiki kesho."

"Mbegu bado hazijaanguka, kaka. Wakiingia leo, mwakani hatutakuwa na jani."

"Na mwakani nitachunga nini?"

Gumato alichukua mundu akaingia peke yake. Alipukusa kwanza masuke, mbegu zilizokomaa zikadondoka udongoni, ndipo akakata nyasi na kuacha mashina yake. Alizirusha nje, mbuzi wakazigombania.

"Hazitoshi," Galgalo alisema kwa upole.

"Najua."

Aliponyoosha mgongo aliona vumbi upande wa kisimani. Kundi jingine lilikuwa linakuja, kubwa kuliko hili. Akainama tena, akakata kwa haraka zaidi.