Bibi Risten Hasemi

"Sema umetoka," alisema Torkel.

"Sisemi."

Simu ilikuwa katikati ya meza, sauti imefunguliwa ili watu wote sita chumbani wasikie. Nje ya kioo kinene, ukungu ulilala juu ya misonobari, na roketi ilisimama imejaa mafuta, setilaiti ndogo kichwani mwake, ikifuka mvuke kama sufuria iliyofunikwa vibaya.

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini mchana. Kibali cha kurusha kilikuwa kinaisha saa nane kamili. Baada ya hapo nyika yote ya kaskazini, pale linapoangukia pipa tupu la roketi, ingefungwa kisheria hadi Septemba ili kulungu wa theluji wazae kwa amani.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na kifungu kingine, ambacho Torkel, mkuu wa kituo, alikitunga mwenyewe: kila mfugaji mwenye kibanda ndani ya eneo athibitishe kwa kinywa chake kwamba ametoka. Asiyethibitisha atahesabiwa yumo, mpaka aonekane kwa macho mahali pengine. Na mtu akiwa amehesabiwa yumo, hakuna kurusha.

Wafugaji kumi na wawili walikuwa wamethibitisha tangu asubuhi. Alibaki Risten Labba, mwenye miaka sabini na minne na kibanda kando ya ziwa Ravdu, kilomita arobaini kutoka kituoni.

"Bibi, pipa lile lina uzito wa tani mbili. Likikuangukia hatutaokota hata kifungo cha gauni lako."

"Mwaka jana hamkuokota hata kwato."

Torkel akafumba macho. Mwaka jana pipa lilianguka karibu na ziwa. Kulungu wa Risten wakakurupuka, wakakimbilia barafu iliyokwisha kuliwa na jua la Mei. Majike kumi na mmoja walizama, ndama wakiwa tumboni. Kituo kilimjibu kwa barua ya mistari mitatu: sheria inafidia kilichogongwa na chuma, si kilichokimbia.

"Ile sheria sikuitunga mimi," alisema Torkel.

"Hii ya leo je?"

Mtu mmoja chumbani alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Helikopta ilishindwa kuruka kwa ukungu. Pikipiki ya theluji ilifika mtoni, ikakuta barafu imepasuka, ikarudi. Kibanda cha Ravdu kingekuwa mwezini, ingekuwa nafuu. Kule angalau walijua njia.

Mlango ukafunguliwa. Gunvor wa mapokezi, aliyeanza kazi wiki mbili tu zilizopita, akachungulia.

"Samahani. Wageni waliokuja kuona roketi wako thelathini na mmoja, mimi nimeandikiwa thelathini. Mmoja hana kadi ya shingoni, na mikate ya mdalasini haitoshi."

"Mpe kadi! Mkate kata vipande viwili! Gunvor, leo usiniletee mambo ya mikate!"

Mlango ukafungwa polepole.

"Una hasira na watu wako pia," ilisema simu. Kijiko kilisikika kikikoroga kikombe.

"Unakunywa kahawa, bibi? Sisi tunahangaika hapa, wewe unakunywa kahawa?"

"Kahawa gani! Maji ya kuoshea kikombe haya. Aliyeyapika angefaa kufungwa."

"Nitawaita polisi."

"Waite. Waambie nimefanya nini."

"Umezuia kazi halali."

"Nimekaa tu, Torkel. Nimevua viatu, nimekaa. Tangu lini kukaa ni kosa?"

"Wewe ni mzee mwenye roho mbaya, unajua?"

"Na wewe ulikuwa mtoto wa kamasi. Mama yako alikuja kununua nyama kwangu, nikakufuta kwa aproni yangu hii. Sikukuandikia barua."

Safari hii aliyecheka hakujisumbua kukohoa. Torkel akampiga jicho, kisha akainamia simu na kulegeza sauti.

"Sikiliza. Leo simu inasikika vizuri. Siku nyingine ukiwa Ravdu hata salamu hazifiki. Tuitumie bahati hii, tusemezane kama watu. Setilaiti hii imejengwa miaka sita. Isiporuka leo, nafasi yake angani anapewa mwingine. Neno moja tu, bibi."

Kwenye simu kijiko kiligonga kikombe. Kwa mbali zikasikika sauti za watu, kama za redio.

"Wiki ijayo wanazaa," alisema Risten. "Wale kumi na mmoja nilikuwa nawaita kwa majina, kila mmoja na lake. Ulipotia sahihi barua yako, uliniuliza hata moja?"

Torkel akageukia ukuta. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane kasorobo. Ikaonyesha kasoro dakika tano. Alimwomba, akamtukana, akamwomba tena. Kila mara simu ilijibu neno lilelile.

"Sisemi."

Saa nane kamili taa nyekundu iliwaka juu ya mlango. Mtu wa mafuta akavua vifaa vya masikioni, akaanza kazi ndefu ya kuyatoa mafuta aliyoyatia tangu alfajiri.

"Ni saa nane?" iliuliza simu.

"Unajua vizuri kuwa ni saa nane!"

Simu ikakatwa.

Torkel akashuka ngazi kwenda kuwaomba radhi wageni. Mapokezini viatu vyao vilikuwa vimepangwa ukutani, kama ilivyo desturi: viatu vyeusi vya mjini, soli nyembamba, jozi kwa jozi. Mwisho wa mstari kulikuwa na jozi moja ya manyoya, ncha zimepinda juu, imefungwa kwa utepe mwekundu na wa njano.

Akainua macho. Dirishani alikaa mwanamke mzee mwenye soksi za sufu, kadi ya mgeni shingoni, akipangusa sukari ya nusu mkate kwenye aproni yake.

"Haya, umeniona," alisema Bibi Risten. "Andika nimetoka."