Vibibi vya Kanga

Kanga alikuwa na wasiwasi kwa kila kitu. Siku ya kumpikia mama mkwe wake, Bata, vibibi kwa mara ya kwanza, rojo la mchele na tui liliumuka vizuri. Lakini kila alipomimina kimoja, alifunua kikaango kuchungulia. Mvuke ukatoka, vibibi vikabaki vibichi juu, bila vitundu.

"Shoga, leo mkweo atavinywa!" Chiriku alimcheka dirishani.

Bata alipoingia, Kanga aliinamisha kichwa. "Nimekuaibisha, mama."

"Mwanangu, mayai uliyaatamia wiki nne. Kibibi kinataka dakika mbili tu."

Kanga akamimina kingine, akafunika, akatulia kama anayeatamia. Harufu ya tui ilipojaa jikoni, Chiriku akarukia mfuniko achungulie. Kanga akamzuia kwa bawa.

"Ngoja, shoga. Kinatoa vitundu."